Kiganja cha Mwisho Dukani kwa Betri

Jumatatu, 3 Machi

Kiganja changu kimekufa. Kimekufa maji.

Niliinama kutoa mashuka mashine ya kwanza, kikachomoka mfuko wa shati, kikatumbukia mashine ya pili, mlango ukajifunga. Na mashine za pale kazini zikishaanza hazimsikilizi mtu. Nikabaki nimesimama mbele ya kile kioo cha duara, nakitazama kikipita. Kinapita, kinapotea, kinapita tena kimekumbatiana na soksi. Wakati wa kukamua kikagonga kioo mara moja. Kama mtu anayeaga.

Bosi aliuliza nalia nini. Nikasema sabuni. Udobi una faida zake.

Kwa yeyote atakayeisoma shajara hii nikishakuwa maarufu: Kiganja ni mashine ya gemu inayoenea mkononi. Ndani yake kuna paka anayeiba samaki na kukimbia nao juu ya mapaa, mbwa wakimsubiri chini. Nimemkimbiza paka yule tangu sijaoa. Sasa kampuni imeacha kuvitengeneza. Wanasema kuna kipya kitakuja, wakati ukifika. Wakati gani? Ukifika wapi? Hawasemi.

Jioni nikamweleza mke wangu msiba uliotupata. Yeye ni mwalimu wa hesabu, alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Alisema pole bila kuinua kalamu. Mama yake, anayekaa nasi tangu alipostaafu ukunga, akaniuliza nina umri gani. Anaujua umri wangu. Huwa anauliza tu.

Jumanne, 4 Machi

Kimebaki kimoja! Mji mzima, kimoja! Kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yetu, dukani kwa Betri, kwenye kabati la kioo, kati ya pasi na feni. Cha bluu. Boksi lake halijafunguliwa.

Betri anauza vifaa vya umeme. Wanamwita hivyo kwa sababu asubuhi anaongea kama cherehani, ikifika alasiri sauti inaanza kufifia, jioni anatikisa kichwa tu. Nikamwendea alasiri, makusudi. Haikusaidia kitu. Alitaja bei mpaka nikashika meza. Nikamwambia kitu ambacho hakitengenezwi tena lazima kishuke bei. Akasema ndiyo maana kimepanda. Nikamwambia kipya kinakuja. Akauliza lini. Nikakohoa. Akasema, haya basi.

Kugeuka hivi, uso kwa uso na shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu, ana duka la kinyozi pale kona. Pua yake ilikuwa imeacha ukungu kwenye kioo cha kabati. Akaniambia anasubiri mwisho wa mwezi tu akichukue. Kisha akanipigapiga bega. Sipendi kupigwapigwa bega na mtu aliyeazima ngazi yangu akairudisha haina kipago cha katikati.

Nimewaza mpaka chakula kikapoa. Nikinunua sasa, Betri atanikamua kama shuka. Nikisubiri kipya, shemeji atakichukua hiki, na kila Jumapili atakuja kukichezea kwenye kochi langu, miguu juu ya meza yangu, mama yake akimsifu. Na hicho kipya huenda kikaja vidole vyangu vikiwa vimeshakufa ganzi.

Ghafla, kijiko kikiwa mdomoni, akili ikafunguka. Kama nikieneza kwamba kipya kinakuja mwezi ujao, shemeji ataacha kukitaka hiki, Betri ataingiwa na kiwewe na kushusha bei, na mimi nitapita pale polepole, kama mtu asiye na haraka, nikichukue. Uwongo mmoja tu. Tena mdogo!

Nikacheka peke yangu. Mama mkwe akamwambia mwanawe kwamba mumewe anacheka na bakuli.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya mazoezi bafuni asubuhi, bomba likiwa wazi ili nisisikike. Nilijaribu sauti tatu. Ile ya kunong'ona ndiyo ilinitisha hata mimi mwenyewe. Nikaichukua hiyo.

Baada ya kazi nikaenda kwa shemeji kunyolewa. Nikangoja mpaka povu linifike masikioni. Nikamwambia, kwa kunong'ona, kwamba kuna jamaa wa ghala la kampuni, nisimtaje, kaniambia Kiganja kipya kinaingia mwezi ujao. Kioo kikubwa zaidi. Bei nafuu zaidi. Nikamwapisha asimwambie mtu.

Alishtuka mpaka wembe ukateleza. Sasa nina kijinywele cha mbele ya sikio la kushoto tu, cha kulia hakipo. Ni gharama ya kazi.

Aliahidi kwamba siri itabaki kifuani mwake. Kabla hajanifungua lile shuka la shingoni alikuwa ameshawaambia wawili waliokuwa kwenye benchi, na mmoja aliyepita dirishani na baiskeli.

Alhamisi, 6 Machi

Inakwenda! Inakwenda yenyewe!

Leo wateja wanne wameleta nguo na kila mmoja ana habari. Mwanamke mwenye duka la vitambaa aliniambia mimi, mimi mwenyewe niliyeizaa, kwamba nisije nikamwambia mtu. Nikaapa.

Nimepita kwa Betri. Ilikuwa asubuhi lakini alikuwa na sauti ya jioni. Kiganja amekitoa kabatini, kakiweka mezani, karibu na mlango, kama mtu anayetaka mwizi apite. Akataja bei mpya kabla sijauliza. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Akataja nyingine. Nikasema tutaona. Nikaondoka kwa mwendo wa twiga. Miguu ilikuwa inatetemeka, ila suruali ni pana.

Ijumaa, 7 Machi

Ninacho! Ninacho, ninacho, ninacho!

Betri alikiuza kwa bei ambayo hata mimi niliona aibu. Aibu ilipita haraka. Alinifungia vizuri na kunipa betri za ziada, akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nje nikamkuta shemeji. Aliona boksi akashika mbavu. Akaniuliza kwa sauti, mtaa mzima usikie, vipi mimi ndiye niliyempa siri halafu mimi ndiye ninayenunua maiti. Nikainamisha kichwa, nikasema moyo haukuweza kusubiri. Akanionea huruma. Akanipigapiga bega. Leo nimemwacha apige.

Jioni paka akaruka mapaa yote bila kuguswa. Mke wangu aliweka kalamu chini, akaja kukaa pembeni yangu kwenye kochi, kichwa begani kwangu. Alicheka mbwa mnene alipoanguka kwenye pipa. Sikumbuki mara ya mwisho aliacha madaftari kabla hayajaisha. Hata mama mkwe alisogeza kiti, akashusha miwani puani, akauliza kwa nini paka hapiti kwenye bomba la moshi. Nikamwambia mama, hii si ya wanaoanza.

Nimefika mpaka mnara wa saa. Pale huwa ninaanguka kila mara, na leo nimeanguka pia. Haidhuru. Kesho ipo.

Mimi ni mtu wa ajabu. Naandika hili bila majivuno, kama taarifa.

Jumamosi, 8 Machi

Sasa kumetokea jambo.

Kuna mteja tunamwita Bwana Koti kwa sababu kila Jumamosi analeta koti lilelile. Leo ameliweka mezani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza kama nimesikia habari za Kiganja kipya. Nikajitia hamnazo. Nikasema hapana, hebu nieleze.

Akanieleza. Kioo kinakunjwa kama kitambaa. Kinajichaji kwa jua. Paka sasa ana mke. Halafu akaniinamia sikioni, akasema: "Na hakizami. Ukikitumbukiza majini, kinaelea."

Nikaacha kupiga pasi. Kola ya mtu imeungua. Sikujali.

Hebu tufikiri kwa utulivu. Mimi nilisema kioo kikubwa. Nilisema bei nafuu. Sikusema neno hata moja kuhusu maji! Wala jua! Wala mke! Kwa hiyo habari hii haikutoka kwangu. Kwa hiyo imetoka kwa mtu mwingine, anayejua zaidi. Kwa hiyo ni kweli!

Yaani siku zote hizo nilikuwa nasema kweli na mwenyewe sijui!

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya. Nilikichukua Kiganja asubuhi na mara hiyohiyo nikakiona kilivyo. Kizito. Kioo kidogo kama stempu. Paka mseja. Ukikitazama vizuri, hata ile bluu si bluu, ni kijivu kinachojikaza.

Nikamuuliza mke wangu, kwa mfano tu, kama mtu ana kitu kizuri, na kingine kizuri zaidi kiko njiani, afanye nini. Akasema acheze na alicho nacho. Nikamwambia swali ni gumu kuliko hivyo. Akasema kila siku anafundisha maswali magumu, na hili si mojawapo.

Nikaenda kuoga kuutuliza moyo. Kurudi, namkuta mama mkwe kakishika Kiganja kwa vidole viwili, anakigeuzageuza. Nikamwondolea kwa heshima. Akasema alikuwa anakifuta vumbi tu. Kina siku mbili! Vumbi limetoka wapi?

Jumatatu, 10 Machi

Betri hafifii tena! Ilikuwa jioni na alikuwa anaongea kama asubuhi. Ameweka ubao mlangoni na kuandika kwa chaki majina ya wanaosubiri Kiganja kipya. Wa kwanza: shemeji. Chini yake mtaa mzima. Mwanamke wa vitambaa. Bwana Koti, wa nne. Mwalimu mwenzake mke wangu. Bosi wangu!

Nikauliza nikiandikwa nitakuwa wapi. Betri akaonyesha chini, pale ubao ulipoishia, akasema itabidi aandike ukutani.

Mimi! Ukutani! Katika uwongo wangu mwenyewe, ambao sasa ni kweli, niwe nyuma ya bosi!

Nikatoa maneno yote niliyo nayo. Betri akasikiliza, akakuna kidevu, akasema ipo njia moja. Atakayemrudishia Kiganja cha zamani kikiwa kizima anapanda juu kabisa. Nikamuuliza juu ya shemeji? Akasema juu ya shemeji.

Sikungoja amalize. Nilivuka barabara mbio, nikaingia ndani, nikakitoa chini ya mto, nikarudi mbio. Kikawekwa mezani. Betri akafuta kwa kiganja cha mkono jina la shemeji na kuandika langu juu yake. Shemeji akatoka dukani kwake na wembe mkononi, mteja aliyenyolewa shavu moja nyuma yake, kuja kuona. Ule uso! Ningekuwa na picha yake ningeitundika sebuleni.

Nimerudi mikono mitupu lakini kifua mbele. Mke wangu kaja kukaa kwenye kochi, akauliza paka yuko wapi. Nikamweleza. Akarudi kwenye madaftari.

Hajaelewa tu. Ni mambo ya kibiashara.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi kazini, nimefungua mlango, nasikia nyau.

Nyau. Na kule kunguruma kwa mbwa mnene.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti changu, mto mgongoni, Kiganja cha bluu mikononi. Nikamuuliza amekitoa wapi. Akasema kwa Betri. Alikwenda jana mchana akakikuta mezani, akasema anakitaka. Betri akamwambia kimeshatengwa. Mama mkwe akamkumbusha mbele ya wateja kwamba ni yeye aliyempokea duniani, kwamba alitanguliza miguu, na kwamba mengine angependa asiyaseme. Betri akamfungia kwenye karatasi ya zawadi.

Nikakaa nikamtazama. Vidole vyake havikosei. Ana miaka mingi ya kushika vitu vinavyoteleza. Paka anaruka, mama mkwe hapepesi macho. Mbwa anabweka, mama mkwe anamwambia sukuma, sukuma, pumzika.

Nikamwonea huruma. Kweli. Mwanamke wa watu, anahangaika na kitu kitakachokuwa takataka mwezi ujao. Nikaamua nisimwambie. Aendelee kufurahi.

Shemeji naye ametengeneza rafu ya mbao pale dukani kwake, kaitilia taa, na kuandikisha bango kubwa kwa rangi nyekundu: NJOO UNYOLEWE, CHEZA KIGANJA KIPYA BURE. Na bado yeye ni wa pili! Nilipita pale mara kadhaa leo, bila sababu.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi kulikuwa na watu wamejaa mlangoni kwa Betri. Nikadhani mzigo umefika. Nikatoka nyumbani mbio na pasi mkononi, waya unaburuzika, napiga kelele mimi wa kwanza, mimi wa kwanza!

Watu wakanipisha. Kwenye kioo kulikuwa na kipande cha gazeti. Kampuni imetoa tamko. Hakuna Kiganja kipya. Hakijawahi kutengenezwa, hakitatengenezwa. Kampuni imeachana na michezo kabisa, sasa itaunda pampu za maji.

Pampu za maji!

Nilisoma mara mbili. Nikatafuta mahali palipoandikwa kwamba wanatania. Hapakuwepo.

Halafu mtu mmoja nyuma akauliza nani alianza maneno haya. Na mimi nikageuka haraka, nikauliza hivyohivyo, kwa sauti kubwa kuliko ya wote. Nikasema mtu huyo akipatikana aaibishwe. Nikasema ana roho ya fisi. Watu wakaniitikia. Kwa muda mfupi nilikuwa kiongozi.

Shemeji hakuitikia. Alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni, ananitazama. Na nyuma yake bango jekundu, watoto wa shule wanalisoma kwa kuimba.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja nyumbani. Betri, shemeji na Bwana Koti. Wengine walibaki nje, wameegemea dirisha. Mke wangu akawakaribisha. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti na Kiganja chake, hakuinua uso.

Betri alisema yeye si mtu wa ugomvi. Lakini amechekwa tangu jana, na kuna mama mmoja amemwita tapeli mbele ya mwanawe. Anachotaka ni kujua maneno yalianzia wapi. Shemeji akaninyooshea kidole. Akasema aliambiwa na mimi, kwenye kiti chake, povu likiwa shavuni.

Nikajikaza kisabuni. Nikasema kweli nilimwambia, sikatai, ila mimi mwenyewe niliambiwa na Bwana Koti, kule kazini, juu ya koti lake. Bwana Koti akaruka. Akasema ni kweli aliniambia, lakini yeye aliambiwa na shemeji, pale kwenye kiti cha kunyolea! Shemeji akakubali alimwambia. Kwani yeye si aliambiwa na mimi?

Wakatazamana. Mzunguko! Kila mmoja aliambiwa, hakuna aliyeanza! Nilitamani kupiga makofi. Betri akawa anatufuata kwa kidole, huyu kwa huyu, huyu kwa huyu, kidole kikazunguka kikarudi mahali pake, na sauti yake ikaanza kufifia. Nilijua nimepona.

Ndipo mke wangu akatoa kofia ya kalamu. Akauliza, kwa upole, kila mtu aliambiwa siku gani.

Nikakohoa. Nikasema siku zinafanana. Nikauliza nani anataka chai. Shemeji akasema Jumatano. Bwana Koti akasema yeye alisikia Ijumaa, akaniambia Jumamosi. Mke wangu akanigeukia. Nikasema labda ilikuwa Jumamosi ya nyuma yake. Bwana Koti akasema Jumamosi ya nyuma yake koti lake lilikuwa kwa fundi, zipu.

Na mama mkwe, macho bado yako kwa paka, akauliza: "Mkwe wangu, ile Jumatano asubuhi bafuni, ulikuwa unamnong'oneza nani? Maana ulirudia mara tatu. Bosi wa ghala, jamaa wa ghala, binamu wa ghala. Hatimaye ukachagua jamaa."

Nikasema bomba lilikuwa wazi.

Haikuwa jibu zuri. Niliona hivyo maneno yakishatoka.

Nje dirishani mtu alianza kucheka, akafuata mwingine. Nilitegemea ngumi. Ngumi ningeiweza. Walicheka mpaka Bwana Koti akalazimika kuvua koti. Shemeji peke yake hakucheka. Alisema bango lile alilipaka mwenyewe, siku mbili, na kwamba aliniamini. Kisha akaondoka. Hakunipigapiga bega.

Jumapili, 16 Machi

Hukumu ameitoa mama mkwe, na hakuna aliyempinga. Taulo zote za kinyozi nitazifua mimi, mpaka shemeji mwenyewe aseme basi. Mapazia ya Betri pia. Na lile bango nilifute kwa mikono yangu.

Nimelifuta leo. Rangi nyekundu haitoki kirahisi. Sasa linasomeka NJOO UNYOLEWE BURE, na tayari kuna foleni. Shemeji ananiita kila jina baya.

Jioni mke wangu hakufungua madaftari. Aliniambia jambo moja tu. "Ijumaa ile ulikuwa nacho mkononi, nami nimekaa hapa pembeni yako. Ulikosa nini?"

Nimetafuta jibu. Mimi huwa sikosi jibu. Akaniacha pale nikiwa nimeinamia vidole vyangu vyekundu.

Baadaye mama mkwe akaniita. Amekwama mnara wa saa. Paka anaanguka tu. Akanipa Kiganja, wa kwanza kunipa kitu siku nzima. Nikamwonyesha mwanzo wa njia, namna ya kukimbia ukingoni. Yeye akaona kitu ambacho mimi sijakiona miaka yote: kwamba mshale wa saa ukilala, unakuwa daraja. Akaniambia mngoje, mngoje, mtoto haharakishwi. Tukangoja. Mshale ukalala. Nikabonyeza.

Akapita! Nilipiga kelele. Mama mkwe naye akapiga kelele, akanishika mkono. Mke wangu alitoka jikoni akatukuta tumeshikana kama tumeshinda uchaguzi, na akacheka. Kicheko kidogo, cha puani. Nimekichukua hivyohivyo.

Leo nimejifunza mengi. Nitayaandika siku nyingine.

Jumamosi, 22 Machi

Jambo la ajabu sana.

Taulo zilikuwa zimekauka, nazikunja sebuleni. Mama mkwe akaja akakaa mbele yangu. Akaweka Kiganja juu ya taulo. Akasema, mkwe wangu, chukua. Amemaliza mapaa yote, macho yanatoa machozi, na anaona wiki hii nimefanya kazi bila kulalamika. Niwe nacho tu. Zawadi.

Mkono wangu ulikwishaondoka. Nusu ya njia nikaurudisha.

Subiri kidogo.

Bure? Kitu cha mwisho mji mzima, na anagawa bure? Mwanamke aliyemnyang'anya Betri mchana kweupe? Mkunga hashtuki na machozi. Tena jana nilimwona mlangoni anaongea na mwanamke wa vitambaa, na nilipokaribia wakanyamaza. Wakanisalimia! Kwa nini wanisalimie?

Watu hawaachi kitu hivihivi. Watu wanaacha kitu wakishasikia kuna kizuri zaidi. Kampuni inasema pampu za maji. Sawa. Lakini hebu fikiri: kampuni inajifunza maji. Inajifunza maji kwa ajili gani? Kwa nini kampuni ya gemu itake kujua mambo ya maji, kama si kutengeneza kitu kisichozama?

Nywele zilinisimama. Hata za kulia, zilizoanza kuota.

Nikamrudishia Kiganja kwa mikono miwili. Nikamwambia ahsante mama, siwezi kupokea. Akanitazama juu ya miwani. Akauliza mara ya pili kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akasema basi atampa mwanawe, labda atasahau bango. Nikasema mpe, mpe tu maskini ya Mungu. Mke wangu alisimama mlangoni, anatusikiliza. Akaondoka zake polepole.

Wanadhani mimi mtoto.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Betri na kumwambia aniandike ubaoni, namba moja. Akaniuliza namba moja ya nini. Nikamkonyeza. Akanitazama kwa muda mrefu sana, kisha akashusha mlango wa duka, na ilikuwa bado asubuhi.

Anajua kitu yule!